Mjadala: Dini ya Kiislamu ililetwa pwani na wageni, au wenyeji ndo waliichukua wenyewe?

Mleta mada

Wakuu, juzi kwenye msiba kuna mzee kasema kwa kujiamini kabisa, eti sisi watu wa pwani tulikuwa tumekaa tu chini ya minazi mpaka Waajemi na Waarabu wakaja na dini, na mawe, na hela, wakatujengea Kilwa. Nikanyamaza kwa sababu ni msiba, ila hapa sinyamazi.

Mi naona wenyeji ndo waliichukua dini, tena kwa hesabu za biashara. Anzia kwenye upepo. Chombo cha kutoka Arabuni kinakuja na kaskazi, Desemba Januari hivi, na hakirudi mpaka kusi ianze kuvuma Aprili, sasa huyo mgeni miezi yote hiyo analala kwa nani, anakula kwa nani, mali yake iko ghala la nani? Ana mwenyeji wake. Bara kutafuta pembe hawezi kuingia mwenyewe, na dhahabu iko Sofala huko kusini zaidi, akiifuata msimu unamkatikia, ndo maana Kilwa ikakaa katikati ikala huku na huku. Mwenyeji akiwa Muislamu anaandikiana deni na mgeni, wanaapishana kwa kitabu kimoja, mwakani mali inarudi. Aliyefungua mlango hapo ni mwenye nyumba.

Na yale masimulizi ya Kilwa yenyewe, kwamba Ali bin Hasan kutoka Shirazi, mji wa Uajemi, alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizungushia chote, watu wanayasikia kama sifa ya mgeni. Mi nayasikia kama risiti. Kisiwa kilikuwa na mwenyewe na alitaja bei, na wanasema akapanga arudi maji yakipwa akawanyang'anye! Huyo si mtu aliyekuwa amelala chini ya mnazi.

Mtu wa Kivinje

Mkuu umeongea vizuri ila umeiruka mifupa. Mwaka 2023 yalitoka majibu ya vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, Mtwapa, Manda, Faza, Songo Mnara, Kilwa kwenyewe. Upande wa mama karibu wote Waafrika, upande wa baba wengi Asia, hasa Uajemi, na kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000. Yaani miaka yote wasomi walituambia habari za Shirazi ni majivuno tu ya watu kujitafutia ukoo, kumbe wazee walikuwa wanasema kweli. Sasa huyo mzee wa msibani kosa lake nini?

Mleta mada

Sijairuka, nilikuwa naisubiri. Kwanza waliochimbuliwa wengi ni wale waliozikwa karibu na misikiti na kwenye makaburi ya mawe, wenye uwezo hao, mvuvi wa kawaida hayumo. Pili hesabu miaka. Shanga, kisiwa cha Pate, wamechimba wakakuta msikiti wa karne ya 8, kidogo, wa miti, na juu yake mwingine, na mwingine, mpaka wakafika kwenye wa mawe. Hiyo ni miaka mia mbili kabla ya hao mababa zako wa mwaka 1000. Dini ilishaingia kwenye kibanda cha miti kabla ya utajiri.

Halafu hiyo ya mama Mwafrika na baba mgeni ndo hoja yangu hiyo hiyo. Mgeni kaozwa binti wa mwenyeji wake, kusi ikivuma kaondoka, mtoto kabaki na mama na wajomba. Ataongea lugha ya nani? Ndo maana mpaka kesho tunamwita Mungu, neno la kwetu, na mwezi wa Ramadhani tunafunga, neno la kwetu pia. Na mawe unayoyasema ni matumbawe ya hapo hapo. Nimeingia Husuni Kubwa, unavuka na boti kutoka Kilwa Masoko, jumba lina bwawa la pembe nane lakini vyumba vyembamba mpaka unashangaa, kumbe dari lilibebwa na boriti za mikoko na boriti ikifika mwisho chumba nacho kimefika mwisho.

Binti Mrima

Samahanini kaka zangu, nyote mnagombania baba ni nani na mama ni nani, hakuna anayeuliza nani aliilipia hiyo biashara. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa 1331, sultani ni Hasan bin Sulaiman, akamsifu kwa dini na ukarimu. Anasimulia fakiri mmoja wa Yemen alimuomba sultani nguo alizovaa Ijumaa ile, sultani akaingia ndani akabadilisha akampa. Mtoto wake akaikomboa ile nguo kwa watumwa kumi, na sultani alivyosikia watu wanasifu akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe. Nguo moja, watu ishirini. Na huyo huyo Ibn Battuta anasema sultani alikuwa anapiga vita mara kwa mara nchi ya Wazanji, yaani watu weusi wa bara, na kuteka.

Kwa hiyo dini ilikuwa mlango, sawa, ila kwa waliokuwa nje ilikuwa ukuta. Ukiwa ndani wewe muungwana, ukiwa nje unaweza kuuzwa. Bibi yangu mzaa mama ni Mmwera, kabila la bara, kaswali maisha yake yote, na bado kwenye harusi za ukoo wa baba anaitwa mtu wa kuja. Mnaposema wenyeji, bibi yangu yumo au hayumo?

Mleta mada

Dada hapo umenibana, niseme ukweli. Siwezi kusema sifa za kufungua mlango ni za wenyeji halafu hao watu ishirini niwasukumie Waarabu. Kama Kilwa ilikuwa yetu basi na mateka walitekwa na sisi. Kwenye hoja ya nani alijenga bado sijarudi nyuma, ila hilo neno wenyeji nililitumia kiulaini mno, bibi yako nilimuacha nje.

Mtu wa Kivinje

Haya kamwambie mzee hayo siku ya arobaini.

Mleta mada

Nikose ubwabwa? Aaah wapi.