Acheni kumtwisha Mfalme Filipo peke yake damu ya Watemplari!

Wakuu, nimechoka. Kila wakitajwa Watemplari, wale watawa wapiganaji wa enzi za Vita vya Msalaba, lazima atokee mtetezi na jibu lake la siku zote: "Yule ni mfalme wa Ufaransa, Kanisa halihusiki." Halihusiki vipi? Na msianze kuniuliza nimetumwa na nani, mimi ni Mkatoliki wa ubatizo na kipaimara.

Sawa, Filipo IV ndiye aliyewakamata, alfajiri ya Ijumaa, Oktoba 13, 1307. Madeni yalimkaba na mali yao aliimezea mate. Hakuna anayebisha. Lakini tangu 1139 shirika lile lilikuwa chini ya Papa moja kwa moja, mfalme hakuwa na mamlaka ya kuwahukumu. Ndiyo maana alijificha nyuma ya mkuu wa baraza la kuhukumu wazushi, padre aliyekuwa pia muungamishi wake. Papa Klementi V akafanya nini? Alilalamika kidogo kwa barua, kisha Novemba 22 mwaka huohuo akawaagiza wafalme wa Kikristo kote nao wawakamate! Uingereza, ambako mahakama hazikuwa na desturi ya kutesa watuhumiwa, aliyeshinikiza wateswe ni Papa. Huko nako alikuwa Filipo?

Halafu Mei 12, 1310. Watemplari 54 walichomwa moto nje ya Paris kwa hukumu ya baraza la askofu mkuu wa Sens, Philippe de Marigny, ndugu yake waziri wa mfalme, na cheo hicho alikipata kwa Klementi huyohuyo. Kosa lao? Walikana maungamo ya uzushi yaliyotolewa kwa mateso, wakajitokeza kulitetea shirika mbele ya tume ya Papa. Tume ilikuwa mjini humohumo! Kesho yake Mtemplari mmoja, Aimery de Villiers-le-Duc, akaiambia kwamba amewaona wenzake wakipelekwa kwa mikokoteni, na kwamba akitakiwa ataungama hata kuwa ndiye aliyemuua Bwana. Tume ikaahirisha vikao.

Sasa hiyo hati ya Chinon mnayoipeperusha, iliyoibuliwa kwenye nyaraka za Vatikani mwaka 2001. Agosti 1308 makardinali watatu wa Papa walimhoji Jacques de Molay, mkuu wa Watemplari, na viongozi wenzake, wakawaondolea adhabu ya kutengwa na kuwarudishia sakramenti. Eti inalisafisha Kanisa. Mimi naona ndiyo inayolifunga! Papa aliwapatanisha na Kanisa 1308, kisha 1312, kwenye Mtaguso wa Vienne (mkutano mkuu wa maaskofu), akalifuta shirika kwa hati inayosema yenyewe kwamba si hukumu bali uamuzi wa mamlaka yake. Wengi wa wajumbe walitaka washtakiwa wasikilizwe kwanza. Siku ya kuisoma ikapigwa marufuku mtu kufungua kinywa, la sivyo atengwe na Kanisa, Filipo ameketi palepale karibu na Papa.

Molay mwenyewe alihukumiwa kifungo cha maisha na makardinali, Machi 1314. Alipokana maungamo hadharani, mfalme akamchoma jioni ileile bila kuwasubiri. Hilo mwandikieni Filipo, siwakatalii.

Mwaka 2007 Vatikani ilitoa nyaraka za kesi hiyo, nakala 799 za kifahari, kila moja maelfu ya euro. Msamaha sijauona humo.

Haya, mtetezi yeyote aje anijibu: kama viongozi walishapatanishwa 1308, ile hati ya 1312 ilikuwa ya nini?