Udongo wa msituni, kokopiti au mchanga na mboji? Miche yangu ya nyanya inakufa kote, ila kila mahali kwa namna yake

Uani_Dom (mleta uzi)

Wakuu habari za mihangaiko. Nipo Dodoma, nalima nyanya uani kwa ajili ya mboga ya nyumbani, miche kama 40 hivi, zikizidi majirani wanagawana. Safari hii nikasema nisie mbegu mwenyewe, nimechoka kuomba miche ya watu. Mbegu ni Tanya, pakiti moja, nikaigawa mafungu 3 nione ipi ni njia nzuri.

Fungu la kwanza ni udongo wa msituni niliouziwa kwa kiroba, nikachanganya na mbolea ya kuku, nikaweka kwenye madumu ya lita 5 niliyoyapasua ubavuni. Iliota siku ya 6. Siku ya 10 naamka, miche ya katikati imelala chini kama imepigwa kofi. Kesho yake duara limepanuka, keshokutwa dumu zima.

Fungu la pili ni kokopiti, yale maganda ya nazi yaliyosagwa, kwenye trei ya mashimo 128. Iliota karibu yote, nikachekelea. Leo ina siku 18 na imegoma kabisa: vijani viwili vya mwanzo na jani moja lililopauka, kingo zimekauka kama karatasi iliyopitiwa na moto. Nilipoona njano nikaipa Urea, kijiko cha chakula kwenye maji lita 5. Hapo ndipo ilipozidi.

Fungu la tatu ni katuta kadogo chini ya mwembe, mchanga wa mtoni na mboji nusu kwa nusu. Haifi sana, ila imerefuka kama njiti za chelewa na yote imeinama upande mmoja. Halafu kila asubuhi nakuta miwili mitatu imekatwa.

Maji ni ya kisima cha mtaani, asubuhi na jioni, mafungu yote sawa. Niendelee na ipi? Na dawa gani? Naomba kuwasilisha.

Msomaji_Kimya

Naweka kambi hapa. Mimi yangu ya hoho imelala juzi.

Pembejeo_Kona

Pole mkuu. Fungu la kwanza hicho ni kinyausi, ule ugonjwa wa miche kuoza shingo na kulala, hakina mjadala. Tafuta dawa ya ukungu yenye mankozebu na metalaksili, mwagia kwenye shina. La pili lipe busta, mbolea ya kupulizia majani. La tatu wapo sota, wale viwavi wanaokata mashina, piga dawa ya wadudu jioni. Nina duka, nauza hizi kila siku.

BabuKitalu

Mwanangu wa dukani, umeuza dawa 3 kabla hujauliza swali hata moja. Mleta uzi, kabla ya kwenda dukani fanya kazi ya bure. Chukua mche mmoja kutoka kila fungu, ung'oe taratibu na udongo wake, uchovye kwenye kikombe cha maji mpaka mizizi isafike, uweke kwenye sahani nyeupe. Utueleze mzizi una rangi gani, na shingo ya mche, pale inapokutana na udongo, ikoje. Na hayo madumu umeyatoboa chini?

Mimi nipo Morogoro, nimesia nyanya tangu enzi za Cal J, ile mbegu ya zamani. Miche ina namna chache tu za kufa, ila juu ya udongo zote zinafanana.

Uani_Dom

Shikamoo Babu. Nimefanya.

Udongo wa msituni: shingo imenywea, nyembamba kama uzi wa kushonea, laini, ina maji maji. Mzizi kahawia. Nikiuvuta kwa kucha, ganda la nje linavuka kama soksi, kinabaki kiuzi cha ndani. Madumu nimeyatoboa tundu 2 kwa msumari. Nilipolinyanyua moja nikaona chini ni tope, na lina harufu.

Kokopiti: mizizi mieupe ila mifupi, ncha zimeungua.

Katuta: mizizi mizuri, mieupe, mingi kuliko yote. Nilishangaa, maana kwa juu ndiyo mibaya kuliko yote.

BabuKitalu

Marahaba. Sasa tunaongea.

Hiyo soksi inayovuka ni Pithiamu, kimelea cha jamii ya ukungu kinachoozesha mizizi. Huyo anapenda maji yaliyotuama. Umempa udongo usiochujika, mbolea ya kuku ambayo naona haikuoza, tundu 2 na maji mara 2 kwa siku. Hata ungekuwa wewe ungezaliana.

Kinyausi kina zaidi ya mwenyeji mmoja. Yupo na Rizoktonia, ukungu mwingine. Huyo shingo haiwi ya maji maji, inakuwa na kidonda kikavu chekundu-kahawia, kimebonyea, mche unasimama siku kadhaa kabla ya kukatika. Tofauti hii ina maana dukani, kwa sababu metalaksili inamuua Pithiamu, Rizoktonia haimgusi. Ndiyo maana utasikia mtu anasema dawa fulani ni kiboko na mwenzake anasema ni feki, na wote wawili wamenunua kopo lile lile.

Pembejeo_Kona

Babu, hilo la Rizoktonia nakubali, ndiyo maana nilisema iwe na mankozebu pia. Ila mtu mwenye miche 40 unamwambia aoshe mizizi kwenye kikombe?

BabuKitalu

Mwenye 40 ndiye hasa. Mwenye 40,000 ana bwana shamba.

MamaHoho

Jamani mimi nitetee udongo wa msituni, maana naona unasulubiwa. Nipo Lushoto, nasia humo miaka yote. Shida si udongo, shida ni kuutumia mbichi. Mimi nauchekecha, nauchanganya na mchanga, naulowesha, naufunika na nailoni angavu, ile inayopitisha mwanga, si nyeusi, kingo nazibana na udongo. Kwa huku kwetu kwenye mawingu nauacha hata wiki 6. Huko Dodoma kwenye jua kali nadhani 4 zinatosha. Magugu yenyewe hayaoti tena, achilia mbali kinyausi.

Na dada yangu... samahani kama ni kaka, mbolea ya kuku ya wiki 2 usiipe mche. Ile harufu inayochoma pua ni amonia. Pua yako ikiikataa, mizizi nayo inaikataa.

Uani_Dom

Ni kaka 😅. Wiki 4 ni nyingi Mama, hakuna njia ya mkato?

BabuKitalu

Ipo ya mvuke. Pipa, maji kidogo chini, matofali, juu yake wavu, udongo wenye unyevu ndani ya kiroba cha katani, funika, washa moto. Katikati ya udongo fukia kiazi mviringo kibichi. Kikiiva na udongo umeiva. Uanike, uache wiki nzima, ndipo usie. Mbolea usiipike pamoja na udongo, utaweka baadaye. Kiazi kitupe.

Mwana_Mwea

Salamu kutoka Kirinyaga, Kenya. Huku kwetu nyanya ni kazi, na wakulima wengi wameacha kusia wenyewe. Unapeleka mbegu yako kwa mwenye kitalu, unarudi baada ya mwezi unachukua miche imesimama kama askari. Kwa nini ujisumbue na vitu 3 na kuna cha 4?

MamaHoho

Kwa sababu mwenye kitalu asipokuwa makini unanunua mche na ugonjwa wake. Mimi niliuziwa miche mizuri ya kupendeza, nikaipanda, baada ya mwezi inanyauka mchana inaamka jioni. Kung'oa, mizizi ina vinundu kama tangawizi. Minyoo fundo. Ile bustani mpaka leo sipandi nyanya.

Mwana_Mwea

Pole sana mama. Hiyo ndiyo sababu mimi huomba wang'oe mmoja mbele yangu. Mzizi ukiwa mweupe na umeshika vizuri lile donge la udongo la trei nachukua. Ukiwa umejizungusha chini mara tatu, nakataa. Ukiwa na maua tayari kwenye trei, huo umezeeka, nakataa pia. Lakini kwa huyu ndugu wa miche 40 nakubali, hakuna kitalu kitakachomsikiliza.

Kuhusu kokopiti niseme jambo, maana nimefanya kazi kwenye kitalu chenyewe. Tatizo lako kwa maoni yangu ni chumvi mara 3. Kwanza, tofali la kokopiti ambalo halikuoshwa kiwandani lina chumvi nyingi, ni maganda ya nazi hayo, mara nyingi yamelowekwa pwani. Pili, maji ya kisima. Sabuni inatoa povu?

Uani_Dom

Povu? Sabuni inakatika kama mtindi. Birika letu ndani ni jeupe kama limepakwa chokaa.

Mwana_Mwea

Basi nusu ya jibu umejipa mwenyewe. Povu linakuonyesha ugumu wa maji, si chumvi yote, kwa hiyo weka maji kidogo kwenye sahani nyeusi, yaache yakauke juani, uone kinachobaki. Na tatu ni ile Urea. Kijiko cha chakula kwenye lita 5 ni kama gramu 2 mpaka 3 kwa lita. Mche wa wiki mbili haubebi hiyo, umeunguza ncha za mizizi.

Lakini Urea haikukosea nia. Kokopiti haina chakula. Mche unakula akiba ya vile vijani viwili, jani halisi la kwanza likitoka akiba imekwisha. Kuanzia hapo unatakiwa NPK (mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu) ya kuyeyuka yenye uwiano sawa, nusu gramu mpaka gramu moja kwa lita, mara moja kwa wiki. Kwenye udongo wenye mboji usingehitaji haraka hivyo.

Uani_Dom

Niliiosha kokopiti mpaka ile rangi ya chai ikapungua.

Mwana_Mwea

Rangi ya chai si chumvi, kaka. Inaweza kutoka nyeusi ikiwa safi na kutoka angavu ikiwa bado ina chumvi. Loweka, kamua, mwaga, rudia mara 3 kwa maji ya mvua. Ukiweza, loweko la mwisho litie mbolea ya kalisi naitreti kidogo, uache usiku kucha. Kalisi inafukuza sodiamu iliyong'ang'ania nyuzi. Kisha suuza.

Baridi_Njombe

Wakuu nisiharibu uzi, ila miche yangu mimi chini ya majani ilikuwa zambarau mwaka jana. Nikaambiwa fosforasi imepungua, nikamwaga DAP, mbolea yenye fosforasi. Hakuna kitu.

BabuKitalu

Mwezi gani?

Baridi_Njombe

Wa 7.

BabuKitalu

Njombe mwezi wa 7 hata mimi ningekuwa zambarau. Fosforasi ipo udongoni, ila udongo ukiwa baridi mzizi hauwezi kuinyonya. Funika kitalu usiku, au kiinue kikae juu ya kichanja. Joto likirudi, majani mapya yatatoka kijani yenyewe.

MamaHoho

Turudi kwenye mwembe. Kaka, lile fungu la tatu ndilo zuri kuliko yote na wewe ndilo unalolidharau. Mche umerefuka kwa sababu unatafuta jua, umeinama kule mwanga unakotoka. Kivuli cha mwembe ni cha kulalia mtu, si cha mche wa nyanya. Mpaka unaota, sawa, lifunike hata na nyasi. Ukishaota toa nyasi siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Na hao wanaokata ni sota kweli. Usichanganye na kinyausi. Wa kinyausi mche umelala lakini bado umeshikana, shingo uzi. Wa sota umekatwa kwa jino, kichwa kimoja huku, kisiki kule. Asubuhi kabla jua halijapanda, chimbua kwa kidole pembeni ya kisiki, kina cha nusu kidole. Utamkuta amejikunja duara, wa kijivu, mnene. Mpe kuku. Miche 40 haihitaji dawa, inahitaji uamke mapema.

Msomaji_Kimya

Nimechimbua kwangu. Wanne. Sikuwa najua kabisa.

Uani_Dom

Wakuu nimerudi, ni wiki ya 5 tangu nianze upya. Nimesia mbegu 40 kila fungu, maji ya mvua kutoka kwenye tenki la dada yangu, namwagia asubuhi tu, na kabla ya kumwagia nanyanyua chombo kwanza, kikiwa kizito naacha. Juzi sahani nyeusi ya maji ya kisima ilibaki na utando mweupe unaokwaruzika kwa kucha. Ya mvua ilibaki tupu.

Udongo wa msituni uliopita kwenye mvuke, nikachanganya na mchanga, madumu yana tundu 12: iko hai 33. Kokopiti iliyooshwa: 36, mizuri, mirefu sawasawa, ila nimekaa nayo kama mgonjwa, kila wiki kupima NPK, na siku moja tu niliyosafiri ilikuwa imeshaanza kusinyaa kufika jioni. Katuta nililolihamisha juani, na neti ya kuzuia inzi weupe juu yake maana sitaki rasta, ule ugonjwa wa majani kujikunja wanaoueneza: 29, sota walichukua 6 kabla sijajifunza kuamka. Lakini hiyo 29 ina mashina mafupi, manene kama penseli ndogo, yenye zambarau kidogo kwa chini, na siku ile niliyosafiri haikujua kama sipo.

Kwangu mimi nabaki na mchanga na mboji. Kokopiti ningeirudia kama ningekuwa na kitalu cha kuuza na mtu wa kukaa nacho. Sijanunua dawa hata moja, Pembejeo_Kona unisamehe.

Pembejeo_Kona

Haina shida mkuu. Neti ulinunua wapi?

Uani_Dom

Kwenye duka kama lako 😂. Babu, kiazi kiliiva. Sikukila, kuku walikimaliza kabla hakijapoa.