Naomba ushauri: kofia ngumu iliyotumika yenye alama ya Ulaya, au mpya isiyo na alama?

MwalimuWaZamu: Wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni mwalimu hapa Njombe, na kila siku ya kazi humpakia mke wangu kwenye pikipiki hadi mjini. Yeye hana kofia ngumu ya kwake. Nimepata mbili. Ya kwanza ni mpya, inauzwa shilingi 35,000, nyepesi kama bakuli la plastiki, na haina alama ya TBS wala nyingine yoyote. Ya pili imetumika, inafunika uso mzima, na kwenye ukanda wa kidevu imeshonewa kitambaa chenye herufi E ndani ya duara. Mwenyewe anataka 60,000. Nichukue ipi? Naomba majibu mapema, kwa kuwa fundi rangi ananisubiri.

FundiSpoku: Mwalimu, hiyo E ni alama ya Kanuni Namba 22 ya Umoja wa Mataifa. Tarakimu iliyo kando yake hutaja nchi iliyoidhinisha, kwa mfano 3 ni Italia na 4 ni Uholanzi, na namba ndefu ikianza na 05 au 06 hukuonyesha toleo la kanuni. Toleo la 06 ndilo lililoongeza kipimo cha pigo la mshazari, lile linalozungusha kichwa. Ukiona herufi P peke yake baada ya namba hiyo, si NP, sehemu ya kidevu nayo ilipimwa. Ila fundi rangi anasubiri nini?

MamaWawili: Mimi nauliza lingine: mkeo amepanda kichwa wazi siku zote hizo, na wewe umevaa? Nisamehe, ni muuguzi na hayo nayaona wodini. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2008 yalikadiria kwamba kofia hupunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Halafu mpime kwa futi ya fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi, akiwa na mtindo wa nywele anaouvaa mara nyingi. Mimi nilinunua yangu nikiwa na rasta nene. Nilipofumua, kofia ikawa inageuka hadi nikawa natazama bitana badala ya barabara.

TikitiMaji: Mimi jina langu linanitosha kujua kitatokea nini. Mnunulie.

MwalimuWaZamu: Nashukuru. Kuhusu rangi, nilitaka tu ipendeze.

FundiSpoku: Kofia ya 60,000 unaipaka rangi kabla hujainunua? Ni ya nani, na imewahi kuanguka?

MwalimuWaZamu: Basi niseme. Ni ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Mwaka jana aliteleza nayo kwenye tope, akavunjika mguu, lakini kichwa hakikupata hata mkwaruzo. Mke wangu akiiona ataikumbuka ajali na hataivaa, ndiyo sababu ya rangi. Nimeshampa shemeji 40,000 na fundi ameshaanza kupiga msasa. Hata hivyo, mimi naona ajali hiyo ni ushahidi wa ubora, kwa kuwa kofia imekwisha kumwokoa mtu.

FundiSpoku: Ilimwokoa kwa kuumia yenyewe, mwalimu. Chini ya bitana kuna povu gumu jeupe, la jamii ya lile linalofungashiwa televisheni. Kazi yake ni kubonyea ili pigo lifike kichwani likiwa limepungua, na likishabonyea halirudi. Ganda la nje linaweza kubaki zima kabisa. Tena, kama ganda hilo ni la plastiki, tina ya rangi inaweza kulidhoofisha bila kuacha dalili. Kwangu mimi zote mbili hazifai: subiri mshahara ununue mpya yenye alama. Siku ya kujaribu, mkeo afunge ukanda, kisha uishike kofia kisogoni na kuivuta kwa mbele. Ikivuka kichwa, mrudishie muuzaji.

Mpekuzi77: Ndugu zangu, mnachezewa. Mleta mada alianza na "mwenyewe anataka 60,000" kana kwamba hamjui, sasa mwenyewe amekuwa shemeji. Mtu wa kupiga msasa kofia yenye ajali ili isitambulike ni mfanyabiashara anayetaka kujua kama wateja watagundua. Shemeji hayupo, mke hayupo. Kama ni kweli, toa bitana, bonyeza povu kwa kidole gumba, kisha utueleze.

MamaWawili: Hata kama kisa ni cha kutunga, kuna atakayesoma akiwa na kofia ya namna hiyo nyumbani.

MwalimuWaZamu: Mpekuzi, nilificha kwa aibu, si kwa biashara. Nimetoka kwa fundi sasa hivi, na bitana nimeitoa. Upande wa kulia, juu ya sikio, povu limebonyea eneo la kiganja cha mtoto na lina ufa mwembamba unaopanda kuelekea utosini. Kinachonitatiza ni kwamba shemeji alivunjika mguu wa kushoto, na siku zote husimulia kwamba aliangukia kushoto.

Mpekuzi77: Naomba radhi, mwalimu. Muulize shemeji ameanguka na kofia hiyo mara ngapi, kisha udai 40,000 yako.