Tangu lini wakala wa nyumba akajipandisha cheo kuwa broka?

Ndugu zangu mlioko Texas, yule bwana mnayemjua nyote, mwenye suti inayong'aa kuliko madirisha ya nyumba anazouza, leo ameniambia mbele ya mke wangu: "Mimi ndiye broka, hakuna aliye juu yangu." Nilikuwa nimemuuliza tu kwa nini hundi yetu ya arbuni, yaani malipo ya awali ya nyumba, iandikwe kwa jina lake. Hakuna aliye juu yake!

Nimeitafuta leseni yake kwenye tovuti ya tume ya mali isiyohamishika ya jimbo, nikakuta ameandikwa wakala wa mauzo, na jina la broka anayemdhamini lipo papo hapo. Wakala husoma saa 180 na kufanya mtihani, lakini haruhusiwi kumhudumia mteja bila broka wa kumdhamini, na kamisheni yake hupitia kwa broka huyo kwanza. Broka lazima awe na uzoefu wa miaka 4, na ndiye anayebeba lawama mawakala wake wakiharibu. Sasa mtu wa kudhaminiwa anasimama katikati ya sebule ya watu, kidole juu, akitangaza kwa sauti iliyofika Oklahoma kwamba hakuna aliye juu yake!

Mkaazi: Pole, ila fomu ya maelezo ya huduma za udalali, ambayo sheria inamtaka akupe mapema, huonyesha jina la broka wake. Uliisoma, au uliitazama suti tu?

Bi Shamba: Arbuni kwa kawaida huwekwa kwa kampuni ya hati miliki, ile inayokagua umiliki wa nyumba. Mshitaki kwa broka wake leo hii.

Mwenye uzi: Nitamshitaki. Lakini alisema mbele ya mke wangu!

Mlimani: Huku Colorado hata aliyepata leseni jana huitwa broka, na mkubwa wake huitwa broka mwajiri. Nani alalamike zaidi?

Kisiki: Afadhali nyinyi. Wangu alikataa kunionyesha nyumba mpaka nitie saini mkataba wa malipo yake.

Mkaazi: Ndivyo ilivyo tangu Agosti 2024, baada ya chama cha kitaifa cha mawakala wa nyumba kumaliza kesi ya kamisheni kwa suluhu. Malipo lazima yaandikwe wazi, nawe una haki ya kujadiliana.

Kisiki: Nilijadiliana, akanijibu kwamba asilimia 3 ya bei ya nyumba imewekwa na sheria.

Bi Shamba: Amekudanganya. Hakuna sheria inayopanga kiwango hicho. Je, huyo naye alijiita broka?

Kisiki: Alijiita mshauri mkuu.