Naomba ushauri: GIF inaharibika rangi nikiisevu upya kwa Python

Wakuu, salaam. Kuna skripti ya Python niliyoikuta kazini: inafungua GIF (picha inayocheza) kwa Pillow, maktaba ya Python ya kushughulikia picha, inapunguza ukubwa wa kila fremu, kisha inazisevu upya. Fremu ya kwanza inatoka safi. Kuanzia ya pili nyuso za watu zinakuwa kijani, utadhani wanaumwa.

Nikichapisha `im.mode` (aina ya rangi za fremu), ya kwanza ni `P`, yaani kila pikseli ni namba inayoelekeza rangi kwenye paleti (orodha ya rangi), zinazofuata `RGB`, yaani rangi kamili bila paleti. Skripti inazirudisha kuwa `P`, halafu kwa `putpalette` inazibandika paleti ya fremu ya kwanza. Nahisi ndipo penye mchawi, maana namba ileile sasa inaelekeza rangi nyingine.

Nimeondoa mstari huo, nikazipeleka zote `RGBA` (RGB pamoja na uwazi) kabla ya kusevu. Kijani kimeisha, lakini rangi zinachezacheza fremu hadi fremu, na anga lililokuwa laini limekatika matabaka. Kwa kweli hili linaniudhi zaidi.

Paleti ya GIF mwisho rangi 256. Je, nitengeneze moja kutoka fremu zote kwa `quantize` (amri ya kupunguza idadi ya rangi), au kila fremu ibaki na yake? Na penye uwazi, `disposal=2` (kufuta fremu kabla ya inayofuata kuonyeshwa) inatosha?

Msiniambie nihamie WebP, mteja anataka GIF tu.