Nimepima vyakula vinavyonikataa, majibu yamenikataza karibu kila ninachokula

mtu_wa_gmboto:
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada maana hapa nilipo nimechoka. Nina tatizo la tumbo la muda mrefu, nikila tu baada ya lisaa limoja au mawili linajaa gesi, linavimba mpaka nalegeza mkanda, linaunguruma hadi jirani kwenye daladala anageuka kuniangalia, kuna siku choo laini naenda na kurudi asubuhi nzima halafu kuna siku sipati kabisa. Nimeshaambiwa ni vidonda vya tumbo, nimeshapewa dozi ya H. pylori, wale bakteria wa vidonda vya tumbo, zaidi ya mara moja na kila nikirudi kupima damu wanasema bado wapo, omeprazo siku hizi namezea mazoea tu.

Sasa kuna jamaa wa kazini akanielekeza sehemu wanapima vyakula ambavyo mwili wako hauvitaki. Wanakutoboa kidole, damu inatumwa nje ya nchi, majibu yanakuja kwa imeli. Hela yake si ya kitoto lakini nikajipinda. Yamekuja makaratasi kibao yenye rangi. Nyekundu, yaani niache kabisa: ngano, maziwa ya ng'ombe, mayai, mahindi, maharage, karanga, nyanya. Njano: mchele, kuku, ndizi. Kijani ninachoruhusiwa: samaki salmoni, bata mzinga, sungura, brokoli, kranberi na vitu vingine hata sijui vinauzwa wapi. Mimi nakaa Gongo la Mboto wakuu. Wife kaniuliza kwa hiyo nikupikie nini, nikakosa jibu.

Nauliza hivi, hiki kipimo kina ukweli wowote? Na kama hakina, mtu anajuaje ni chakula gani kinamsumbua?

bata_bukini:
Nimekaa paleee nasubiri wajuzi. Ila mkuu bata mzinga akikosekana, bata wa kawaida nafuga, nakuuzia kwa bei ya undugu.

afya_kwanza_tz:
Pole sana kiongozi. Mambo ya kutoboana kidole yamepitwa na wakati, kwetu kuna mashine unashika kichuma mkononi dakika chache tu inasoma mwili mzima kuanzia tumbo, ini, figo mpaka sumu kwenye damu, na dawa lishe za kusafisha utumbo zipo hapo hapo. Njoo PM.

darubini:
Afya_kwanza tuache na hicho kichuma chako. Hakisomi utumbo wala ini, kinachopita pale ni umeme kidogo kwenye ngozi, kiganja kikitoka jasho majibu yanabadilika, na ajabu yake kila anayekishika anakutwa na ugonjwa ambao dawa yake mnauza nyinyi.

Mleta mada pole. Nafanya kazi maabara kwa hiyo naongea ninachokijua. Hicho ulichopimwa kwa maelezo yako ni kingamwili za aina ya IgG dhidi ya vyakula. Sasa IgG kwa chakula mtu yeyote mzima anazo, mwili unazitengeneza kwa sababu umekutana na hicho chakula, na wataalamu wengi wanaziona ni dalili kwamba mwili umeshakizoea. Yaani karatasi yako inaeleza kile unachokula kila siku, basi. Rudia kuisoma nyekundu: ngano, maziwa, mayai, mahindi, maharage, karanga. Hiyo si ndio chapati, chai, ugali na maharage? Na kijani ni vitu ambavyo hujawahi hata kuvionja. Halafu nina hakika mihogo, mchicha, dagaa na matembele humo hayamo kabisa, maana hizo listi zimetengenezwa kwa walaji wa Ulaya.

Sio mimi ninayesema. Chama cha wataalamu wa aleji cha Ulaya kilitoa tamko 2008 kwamba kipimo hiki kisitumike kutafuta chakula kinachomsumbua mtu, cha Canada kikafuata 2012, na cha Marekani nacho kina msimamo huo huo. Bado kinauzwa kwa sababu kinalipa.

Na kuna jambo moja ambalo wanaouza hawalisemi. Maziwa yakimkataa mtu mzima mara nyingi shida ni laktosi, ile sukari ya maziwa, kwa sababu kimeng'enya cha kuivunja kimepungua kwenye utumbo mdogo. Hapo kinga ya mwili haihusiki kabisa. Kwa hiyo hata hiyo IgG ipimwe vizuri namna gani, haiwezi kukuambia kama laktosi inakusumbua au la.

Usichanganye pia na aleji yenyewe, ile ya IgE. Ile mtu anakula karanga au kamba, ndani ya dakika chache mpaka masaa kama mawili midomo inavimba, vipele vinatoka, pumzi inabana. Ukiona hivyo ni hospitali muda huo huo, sio jukwaani.

nyuki_wa_thika:
Pole ndugu. Mimi niko huku Kenya na shida yangu ilikuwa karibu sawa na yako, ikifika jioni tumbo imefura naonekana ni kama niko na mimba, hadi mama wa kanisa akaniuliza ni ya miezi ngapi 😂. Kila mtu aliniambia ni githeri, ile mahindi na maharage, nikaacha githeri na hakuna kitu ilibadilika. Daktari mmoja mtulivu sana ndiye aliniuliza nakunywa chai ngapi kwa siku. Na unajua chai ya huku, maziwa nusu maji nusu, asubuhi, saa nne, na jioni tena. Akaniambia nikae bila maziwa kama wiki mbili hivi halafu Jumamosi niko nyumbani nikunywe glasi moja kubwa ya maziwa baridi kabla sijakula kitu, niangalie. Wueh! Sikutoka nje hiyo siku.

Saa hizi nakunywa chai ya rangi na tangawizi, mala, maziwa ya kuganda, nakula bila shida. Hiyo kipimo yako singelipa.

chui_mweupe:
Hilo la maziwa ni kweli kabisa, sisi Waafrika maziwa hatukuumbiwa, ni mambo ya wazungu haya.

ole_wa_longido:
@chui_mweupe hapo umetukosea sisi wafugaji. Babu yangu kaishi kwa maziwa mpaka uzee wake. Na hili limechunguzwa, mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake walipima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan wakatoa majibu 2007, wakakuta jamii za wafugaji huku kwetu zina mabadiliko yao wenyewe kwenye jeni ya kumeng'enya maziwa ukubwani, tofauti kabisa na yale ya wazungu. Kwa hiyo inategemea ukoo wako ulifuga au ulilima. Na hata huyo ambaye hana, kikombe kimoja pamoja na chakula wengi wanakimudu, mtindi ndio kabisa, bakteria wameshakula sehemu ya hiyo laktosi kabla yako.

dada_lishe:
Nimesoma yote, darubini kaeleza vizuri kuhusu kipimo, mimi niongeze upande wa nini kifanyike maana naona kaka kaachwa njiani.

Kwanza kaka kabla hujaanza kutoa vyakula, naomba ujibu haya: umewahi kuona damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami? Uzito umepungua bila wewe kutaka? Una homa, upungufu wa damu, au tumbo linakuamsha usingizini? Kuna mtu kwenu kaugua saratani ya utumbo? Ukiwa na hata moja, hii mada ifunge, nenda ukamwone daktari bingwa wa tumbo.

Pili hiyo H. pylori. Kipimo cha damu kinaangalia kingamwili na hizo zinaweza kubaki muda mrefu sana hata bakteria wakiwa wameshakufa, kwa hiyo kila ukirudi utaambiwa bado wapo na utamezeshwa dozi nyingine bure. Kujua kama wameisha ni kipimo cha choo kinachotafuta bakteria mwenyewe, au kile cha kupuliza pumzi, na uwe umeacha omeprazo wiki mbili na antibiotiki wiki nne kabla ya kupima, la sivyo kinaweza kusema hawapo kumbe wapo. Kuiacha omeprazo ongea na daktari kwanza. Hapo hapo kwenye choo waangalie na giardia, huyo mdudu anatoa gesi na kuharisha hivi hivi, na akiharibu ukuta wa utumbo hata mtu aliyekuwa anakunywa maziwa vizuri yanaanza kumkataa kwa muda.

Tatu, usiache ngano bado!! Najua karatasi imesema uache. Kuna ugonjwa unaitwa siliaki ambao gluteni, protini ya ngano, inafanya kinga ishambulie utumbo, unapimwa kwa damu na kipimo kinachoitwa tTG, na ukishaacha ngano kipimo hicho kinaweza kukosa kuuona. Huku kwetu ni nadra kugunduliwa lakini kama daktari atataka kukupima, akukute bado unakula chapati.

Vyote hivyo vikiwa safi ndio tunakuja kwenye daftari. Andika ulichokula, saa ngapi, tumbo likafanya nini na saa ngapi, na uandike pia usingizi na presha za kazini maana tumbo nalo linasikia. Andika vya pembeni, jojo na pipi zisizo na sukari zina sorbitoli, hiyo inajulikana kwa gesi na kuharisha. Usianze kuacha chochote hizo siku za mwanzo, andika tu. Kaka ulikula nini kwa mfano wiki hii?

mtu_wa_gmboto:
Dah asanteni sana, nimejifunza kuliko nilivyojifunza kwenye hayo makaratasi. @dada_lishe damu sijawahi kuona, usiku nalala vizuri, kwetu hakuna saratani ninayoijua. Uzito umepungua kidogo lakini ni tangu nimeanza kuogopa kula baada ya majibu, kabla ya hapo nilikuwa na kitambi kabisa.

Wiki hii asubuhi ni supu na chapati mbili, mchana kazini wali maharage au ugali na nyama ya mchuzi, jioni nyumbani. Maziwa mimi si mtu wa maziwa, chai yangu ni ya rangi. Siku ambayo nilikuwa hoi kabisa ni Ijumaa, kulikuwa na shughuli nikala pilau na kachumbari, hiyo kachumbari nilichukua bakuli zima maana naipenda. Jumapili tulikula samaki wa kukaanga na ugali na mchicha wa mafuta tu, tumbo kimya. Hiyo sijui ina maana gani.

darubini:
Mimi nakisia kitunguu.

dada_lishe:
Siku mbili hazitoshi kuhukumu lakini hata mimi jicho limeenda hapo hapo. Kitunguu maji, kitunguu saumu na ngano vina aina ya wanga unaoitwa fruktani, maharage yana ndugu yake. Binadamu hana kimeng'enya cha kuvivunja, kwa hiyo vinafika utumbo mpana vikiwa vizima, bakteria wanavichachua na gesi inatoka. Kwa watu wengi ni gesi ya kawaida tu maisha yanaendelea, ila mwenye utumbo mwepesi kuhisi ndio anapata hayo unayoyasema. Chuo Kikuu cha Monash kule Australia ndiko walikotengeneza mlo wa kupunguza hivi vitu, unaitwa FODMAP, na huku kwetu tuna bahati kwamba wali, ugali wa sembe, viazi mviringo, mayai, samaki, nyama, karoti, machungwa, vyote hivyo vinaruhusiwa. Embe, tikiti maji na korosho ndio vya kupumzika kwanza.

Lakini sikiliza vizuri, ule ni mlo wa muda. Unapunguza wiki mbili mpaka sita, ukiona nafuu unaanza kurudisha kimoja kimoja, siku tatu unaongeza kiasi kidogo kidogo, ukimaliza unapumzika halafu kingine. Maharage peke yake, chapati peke yake, kitunguu peke yake. Wengi wanakwama hapa, wakipata nafuu wanaogopa kurudisha wanabaki na vyakula vichache maisha yao yote, wanakosa nguvu na choo kinagoma. Na kama wiki zinaisha hakuna nafuu yoyote, rudi ule kila kitu, shida iko kwingine. Ukipata mtu wa lishe hospitalini akusimamie ni bora zaidi.

Kwako anza na kitunguu tu kwanza kabla ya kugusa mambo mengine, ila nenda kapime choo kwanza kama nilivyosema.

mtu_wa_gmboto:
Choo nitapima wiki ijayo mshahara ukiingia. Sasa dada, mchuzi bila kitunguu utakuwa mchuzi gani? Wife kasoma hapa kacheka.

dada_lishe:
Mwambie hivi. Fruktani inayeyuka kwenye maji, kwenye mafuta haiyeyuki. Achukue vipande vikubwa vya kitunguu na punje za saumu akaange kwenye mafuta peke yake mpaka vinukie, halafu avitoe vyote kabla nyanya wala maji hayajaingia. Ladha inabaki kwenye mafuta. Akivirudisha kwenye mchuzi kazi imeharibika. Majani mabichi ya kitunguu, ile sehemu ya kijani tu, anaweza kukatia juu, na tangawizi, bizari, giligilani, iliki, mdalasini havina shida. Vile viungo vya unga vya pakiti vya kutia kwenye mchuzi asome nyuma, vingi vina unga wa kitunguu na saumu. Maharage siku ya kuyajaribu aloweke usiku kucha, maji ayamwage, achemshe na mengine.

Supu ya asubuhi ya mtaani hiyo sahau kwa sasa, kitunguu kimechemkia humo.

mtu_wa_gmboto:
Anauliza na nazi je?

dada_lishe:
Tui kiasi halina neno. Lile zito la kwanza asilitie lote, mafuta yakizidi nayo yanasumbua tumbo kama lako.

bata_bukini:
Kwa hiyo biashara yangu ya bata imekufa hivi hivi.