Mlioacha pombe kwa kushikwa mkono na watu, tupeane uzoefu

Wakuu habari za muda huu. Nina mwaka na miezi mitatu sijagusa kilaji na sio kwa ujanja wangu, maana peke yangu nilishaacha kama mara ishirini, Jumatatu naacha Ijumaa nimerudi. Ilifika mahali asubuhi kikombe nakishika kwa mikono miwili na bado kinamwagika, mpaka nizimue ndo mkono utulie. Aliyenitoa ni mzee mmoja jirani, yeye aliacha zamani, kila siku saa 12 jioni, ule muda koo linaanza kudai, ananipigia simu. Pombe haitaji kabisa! Anauliza umekula, anaingia kwenye mpira, tukija kukata simu ile kiu imeshapungua. Mliopita huku mwageni, nani aliwashika na alifanya nini hasa?

#2
Hongera mkuu, ila kabla mtu hajasoma hapa akaamua kuacha leo leo kavu kavu, asikie yangu. Nilikunywa kila siku miaka tisa, nikakata ghafla nikajifungia ndani nijione kidume, kesho yake nikaanguka degedege, mdogo wangu ndo kanikuta. Daktari akasema mwili uliozoea ukinyimwa ghafla kutetemeka kunaanza ndani ya masaa 6 mpaka 24, degedege mara nyingi ndani ya 48, halafu kuna wanaochanganyikiwa wanaona vitu havipo, na hiyo inaua. Nikalazwa, nikapewa diazepam (dawa ya kutuliza) na vitamini B1. Wa kila siku anzia hospitali, kikundi baadae.

#3
Mimi sio mnywaji, ni mume wangu. Nimemwaga chupa, nimeficha pochi, na kila Jumatatu nampigia bosi wake namwambia anaumwa tumbo. Nikaenda kwenye kikundi cha ndugu wa walevi wakaniambia dada hiyo simu acha. Niliwaona wana roho mbaya kweli. Jumatatu moja sikupiga, akapiga mwenyewe, nipo jikoni namsikia sauti inavyokatika. Wiki ile ile akaniuliza nyie huko huwa mnakutana siku gani.

#4
AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha) niliikwepa sana nikidhani ni mahubiri (na bado zile hatua 12 zao za kuacha pombe kuna ambazo nazipita kimya kimya). Kumbe ilianza 1935 Marekani na walevi wawili tu, Bill Wilson na daktari Bob Smith, mlevi anamsikiliza mlevi mwenzie basi. Mimi nilikaa safi miezi nane nikateleza, msiba ulinikuta nikajidanganya ni moja tu. Niliporudi kikundini nilikuwa nanuka bado, nikakaa karibu na mlangoni ili nitoke haraka. Mama mmoja akaburuta kiti chake mpaka kwangu, akanipa maji, akaendelea kusikiliza. Hakuna aliyeniuliza kitu mpaka nilipoongea mwenyewe.

#5 mleta mada
Mkuu #4 leo siku ya ngapi bila pombe?

#6
Ya 61. Mama bado anakaa pale pale mlangoni, sasa hivi mie ndo namuwekea kiti.